Kinu kimeshajengwa na umeme unatoka: utafiti wa nini tena?

Hesabu_za_Umeme ameuliza:

Wakuu, salaam. Naomba kueleweshwa jambo lililonikaa kichwani muda mrefu. Mimi ni mtu wa hesabu. Kazi yangu ni kupitia makadirio ya gharama za miradi ya umeme: wa maji, wa gesi, na siku hizi wa nyuklia. Kwenye nyuklia kuna fungu linalorudi kila mwaka: utafiti. Na si utafiti wa vinu vipya, hapo ningeelewa. Ni utafiti wa vinu ambavyo vimeshajengwa, vimeshalipiwa, na vinazalisha umeme tangu miaka ya 1970 na 1980.

Kila ripoti inasema lengo ni vinu viwe salama, vya kutegemewa na vya gharama nafuu. Kwa nilivyozoea, ukitaka kimoja kati ya hivyo unalipia kwa kingine. Mtu wa usalama anataka mtambo uzimwe ukaguliwe, mtu wa fedha anataka mtambo uendelee kuwaka. Sasa mtafiti yeye anamfanyia kazi nani kati ya hao?

La pili: leseni za Marekani zilikuwa za miaka 40. Zikaongezwa hadi 60, na sasa vipo vinu vilivyoruhusiwa kufika 80. Je, kuna mtu alikwenda kupima chuma chenyewe akaona kinaweza, au ni kalamu tu na hamu ya kuendelea kuvuna mtambo ambao deni lake limekwisha? Nauliza kwa moyo safi. Anayejua anijibu kwa mifano, maana nadharia nimesoma za kutosha.

Mvunja_Sampuli amejibu:

Mkuu, umeuliza swali la maana, nami nitakujibu kutoka upande ninaoujua. Nafanya kazi kwenye maabara inayopima vyuma vilivyokaa ndani ya vinu. Naanza na swali lako la pili kwa sababu ndilo kazi yangu.

Kwenye kinu cha maji yenye shinikizo, fueli inakaa ndani ya chombo kikubwa cha chuma chenye ukuta wa unene wa sentimita 20 hivi. Karibu kila kitu kingine unaweza kukibadilisha. Pampu, vali, nyaya, hata vizalishi vya mvuke ambavyo kimoja tu kina uzito wa mamia ya tani, vyote hutolewa vikaingizwa vipya. Chombo hiki hakibadilishwi. Kikichoka, kinu kimekwisha. Kinachokichosha ni nyutroni, chembe ndogo mno zinazoruka kutoka kwenye fueli. Zinakipiga chuma mwaka hadi mwaka, zinasukuma atomi kutoka mahali pake, na shaba iliyomo ndani ya chuma inaanza kujikusanya vishada vishada, vidogo kiasi kwamba hadubini ya kawaida haivioni. Chuma kinazidi kuwa kigumu, na hapo ndipo hatari ilipo, maana chuma kigumu hakikubali kupinda, kinapasuka.

Shaba hiyo ilitoka wapi? Mishono mingi ya vinu vya zamani ilichomelewa kwa waya zilizopakwa shaba ili zisishike kutu ghalani. Mafundi wale walikuwa makini na kazi yao ilikuwa safi. Wakati huo haikujulikana kwamba shaba na nyutroni zikikutana kwa miaka mingi chuma kinabadilika tabia. Watafiti ndio walioligundua, na kuanzia miaka ya 1970 kiasi cha shaba kikawekewa kikomo kwenye vyuma na waya za kuchomelea vinu.

Sasa utajuaje hali ya chombo ambacho huwezi kukikata kipande ukakipeleka maabara? Waliokijenga waliweka akiba. Walichukua vipande vya chuma kilekile na mishono ya aina ileile, wakavifungia kwenye vikasha vya chuma, wakavitundika ndani ya chombo, kati ya fueli na ukuta. Kwa kuwa viko karibu na fueli kuliko ukuta ulivyo, vinapigwa na nyutroni nyingi zaidi, kwa hiyo vinazeeka kabla ya chombo chenyewe. Kila baada ya miaka kadhaa kikasha kimoja kinatolewa na kuletwa maabara.

Kipande kimoja ni kijiti cha mraba, milimita 10 kwa 10, urefu 55, na katikati kimechongwa mfuo wa umbo la V wenye kina cha milimita 2. Hatukigusi kwa vidole. Tunasimama nyuma ya kioo kinene chenye madini ya risasi na tunakishika kwa mikono ya mashine. Tunakipasha au kukipoza hadi joto tunalolitaka, tunakilaza mahali pake, kisha nyundo inayobembea inaachiwa, inakivunja, nasi tunasoma imepoteza nguvu kiasi gani. Mimi kabla ya kusoma namba huangalia kwanza uso pale kilipovunjikia. Kipande ambacho bado ni kizuri kinavutika kabla ya kukatika: uso wake ni wa kijivu kisichong'aa, una nyuzinyuzi, na kingo zake zimejikunja. Kilichokakamaa kinakatika bapa, kingo zimenyooka, na uso unameremeta kama chumvi ya mawe. Tunarudia kwa joto tofauti tofauti hadi tupate ni joto gani chuma kinavuka kutoka tabia moja kwenda nyingine. Joto hilo linapanda kadiri kinu kinavyozeeka. Mwenye kinu anapaswa kuthibitisha kwamba hata siku ya dharura, maji baridi yakimiminwa ghafla kwenye chombo chenye moto na shinikizo, chuma kitakuwa bado upande ule wa nyuzinyuzi.

Kwa hiyo ndiyo, mkuu, kuna watu wanapima. Na ile miaka 40 ya mwanzo haikutoka kwenye chuma. Mamlaka ya udhibiti ya Marekani yenyewe husema ilichaguliwa kwa sababu za kiuchumi na za ushindani wa kibiashara. Kuna kinu ambacho hakikufika hata huko: Yankee Rowe kilizimwa mwaka 1991 kwa wasiwasi kuhusu chombo chake, na wenyewe wakaona gharama ya kuthibitisha uimara wake haitalipa. Kwa upande mwingine, Loviisa 1 kule Finland, mwaka 1996, mshono wa chombo chake ulipashwa moto mkali, juu kabisa ya joto la kazi yake ya kawaida, ukashikiliwa humo kwa saa nyingi hadi chuma kikarudisha sehemu kubwa ya ustahimilivu wake. Kinu hicho kinafanya kazi mpaka leo. Asingekuwepo mtu wa kuvunja vijiti, asingekuwepo wa kujua kwamba tiba hiyo inafanya kazi.

Sasa mtafiti anamfanyia kazi nani? Chukua Beznau 1 ya Uswisi, iliyoanza mwaka 1969. Mwaka 2015 walipima chombo chake kwa mawimbi ya sauti wakaona mamia ya alama ndani ya chuma. Zingeweza kuwa nyufa zilizoachwa na haidrojeni, ambalo ni jambo baya, au chembe za oksidi ya aluminiamu zilizobaki tangu siku chuma kinafuliwa, ambazo hazina madhara ya namna hiyo. Ukiangalia skrini tu, huwezi kuapa ni lipi. Kinu kikakaa kimezimwa miaka 3. Ilibidi wafue pete nyingine ya chuma kwa njia ileile ya zamani, waikate, waipime, waonyeshe kwamba ni oksidi. Machi 2018 kikawashwa tena.

Miaka yote hiyo mtu wa usalama na mtu wa fedha walikuwa wanangoja jibu moja, kutoka maabara moja. Ndiyo maana mimi sikubali kwamba hao wawili ni maadui. Kinachokula fedha kwenye nyuklia mara nyingi ni kutojua. Usipojua, msimamizi mwaminifu hana la kukuambia ila zima.

Mpima_Unene amejibu:

Mvunja_Sampuli umeeleza vizuri sana, kaka, ila umekaa kwenye chombo kikuu tu. Mimi nazunguka na mabomba, na naomba niwakumbushe kwamba kuna watu waliokufa kwenye vinu vya nyuklia kwa mvuke wa kawaida kabisa, usio na mionzi.

Desemba 1986, kinu cha Surry, Marekani: kiwiko cha bomba la maji yanayorudi kwenye kizalishi cha mvuke kilipasuka, watu 4 wakafa. Agosti 2004, Mihama 3, Japani: bomba la upande wa tabaini lilipasuka wakati mafundi wako karibu wakijiandaa kwa matengenezo, watu 5 wakafa. Bomba lile lilianza na unene wa milimita 10. Pale lilipopasukia halikuwa na hata milimita 2.

Sababu ni moja kwenye ajali zote mbili. Maji ya moto yaendayo kasi yanayeyusha lile tando la oksidi linalokinga chuma, tando linajijenga upya, linayeyushwa tena, na kila mara chuma kidogo kinaondoka. Ukikata bomba la namna hiyo ukatazama ndani, uso umejaa vibonyeo vidogo vilivyopangana kama magamba, vimeelekea upande maji yanakokwenda. Kwa nje rangi ipo, kila kitu kipo sawa. Na tiba ni ya kushangaza kwa udogo wake: chuma chenye asilimia chache tu za kromiamu hakiliwi namna hiyo. Hata chini ya asilimia moja inasaidia sana.

Baada ya Surry watafiti walitengeneza programu za kompyuta zinazopokea joto, kasi ya maji, kemia yake, umbo la bomba na aina ya chuma, kisha zinakuambia viwiko gani vipimwe kwanza. Huwezi kupima maelfu ya viwiko kila kinu kinapozimwa kubadilisha fueli, lazima uchague. Kwenye uchaguzi huo ndipo wewe, Hesabu_za_Umeme, utakapoona fedha na roho za watu zimekaa kwenye karatasi moja. Ukipima ovyo ovyo, unalipia siku za ziada za kuzima na bado unaweza kukosa mahali penye ubaya.

Mihama elimu ilikuwepo. Sehemu ile haikuwekwa kwenye orodha ya kupimwa, na haikupimwa tangu kinu kianze kazi mwaka 1976. Kwa hiyo tukisema utafiti, tuhesabu pia ile kazi isiyo na sifa ya kuhakikisha orodha imekamilika. Mimi hiyo naiona ni nusu ya kazi nzima, na ndiyo inayopunguziwa fedha kwanza.

Kingine kinachosahaulika ni mafundi wenyewe. Bomba likitema chembe za kobalti, zikapita kwenye fueli, zinageuka kobalti-60 yenye mionzi, zinarudi na kung'ang'ania kwenye kuta za mabomba. Nusu-uhai wake, yaani muda wa mionzi yake kupungua kwa nusu, ni miaka 5 na kitu. Fundi anayeingia kufungua vali hapo anapokea mionzi. Watafiti waligundua kwamba ukiongeza zinki kidogo mno kwenye maji, zinki inachukua nafasi kwenye lile tando la oksidi na kobalti inakosa pa kukaa. Ikabidi waende mbali zaidi, maana zinki ya kawaida nayo ina isotopu, yaani aina mojawapo ya atomi zake, inayogeuka kuwa na mionzi ndani ya kinu, zinki-64, kwa hiyo hutumika zinki iliyopunguzwa isotopu hiyo. Fundi anapata mionzi kidogo, na kazi inakwisha haraka kwa sababu hakuna haja ya kubadilishana watu kila dakika chache. Sijui utaiandika kwenye fungu la usalama au la gharama, mimi ningeiandika kote kuwili.

Msoma_Ripoti amejibu:

Nawaheshimu wote wawili, lakini mmempa mwuliza swali picha safi mno. Swali lake lilikuwa: siku usalama na fedha vikigongana, utafiti unasimama wapi? Jibu liko kwenye kinu cha Davis-Besse, jimbo la Ohio, Marekani.

Mwaka 1991, kwenye kinu cha Bugey 3, Ufaransa, iligundulika kwamba zile bomba nyembamba zinazopita kwenye kifuniko cha chombo, ambamo fito za kudhibiti kinu hupita, zinapata nyufa. Zilitengenezwa kwa aloi 600, mchanganyiko wa metali wenye nikeli nyingi. Dunia nzima ya nyuklia ikajua. Ikajulikana pia kwamba maji ya kinu yana asidi ya boriki, na yakivuja juu ya chuma cha kawaida yakakauka, yanakila. Miaka 10 baadaye mamlaka ya Marekani ikataka vinu vya aina hiyo vikaguliwe kabla ya mwisho wa 2001. Davis-Besse wakaomba muda, wakapewa hadi Februari 2002.

Walipofungua wakakuta shimo kwenye kifuniko. Chuma chenye unene wa sentimita 17 hivi kilikuwa kimeliwa chote, kilichobaki ni lile bitana la chuma cha pua la ndani, pungufu ya sentimita 1, ndilo lililokuwa limezuia maji yenye shinikizo la karibu mara 150 ya hewa tunayovuta. Na dalili zilikuwepo kabla: vichujio vya hewa ndani ya jengo la kinu vilikuwa vinaziba kwa unga wa kutu na boriki, vinabadilishwa, vinaziba tena.

Kwa hiyo utafiti ulikuwepo, tena wa miaka 10. Naomba mtu aniambie ulimsaidia nani.

Mvunja_Sampuli amejibu:

Msoma_Ripoti, kila ulichosema ni kweli na sitakipamba. Maabara haina mamlaka ya kuzima kinu. Inaweza kuandika kwamba aloi 600 inapata nyufa ikikaa kwenye maji ya moto huku imevutwa na mabaki ya nguvu za uchomeleaji, na mwenye kinu akaiweka ripoti kabatini. Ndiyo maana lazima awepo mdhibiti mwenye meno, na mdhibiti huyo awe na wataalamu wake wanaoweza kusoma ripoti bila kumtegemea mwenye kinu awafafanulie.

Lakini fuata na upande wa hesabu, kwa sababu aliyeuliza ni mtu wa hesabu. Kuahirisha kule kulikuwa kwa wiki chache. Kinu kikakaa kimezimwa miaka 2, hadi Machi 2004. Wenzao waliofuata walichosema watafiti waliagiza vifuniko vipya vyenye bomba za aloi 690, ambayo ina kromiamu nyingi zaidi, wakavibadilisha kwa mpango, na umeme ukaendelea.

Na usidhani hayo yamekwisha. Mwishoni mwa 2021, Civaux 1 ya Ufaransa, kwenye mabomba ya kuingizia maji ya dharura, walikuta nyufa za kutu na mkazo mahali ambapo haikutarajiwa zitokee, kwenye chuma cha pua kilichodhaniwa hakina shida hiyo. Vinu vikaanza kuzimwa kimoja kimoja kukaguliwa. Pamoja na matengenezo mengine yaliyorundikana, uzalishaji wa nyuklia Ufaransa mwaka 2022 ulishuka hadi terawati-saa 279, kiwango cha chini kuliko chote kwa zaidi ya miaka 30, tena mwaka ambao Ulaya nzima ilikuwa inatafuta umeme kwa tochi.

Hapo tatizo la kwanza lilikuwa kipimo. Mawimbi ya sauti waliyokuwa wakitumia yalikuwa yamelengwa kutafuta nyufa za aina nyingine, zile za uchovu wa joto. Yaliweza kuonyesha kwamba kuna kitu lakini si kina chake, kwa hiyo ilibidi bomba likatwe na kupelekwa maabara. Ndani ya mwaka 2022 walitengeneza njia bora ya kupima kina cha ufa bomba likiwa palepale. Mwaka 2023, Penly 1, ufa mmoja ulikutwa na kina cha milimita 23 kwenye bomba lenye ukuta wa unene wa milimita 27, kwenye mshono uliokuwa umerekebishwa wakati kinu kinajengwa. Ufa wa namna hiyo unataka kuujua leo, si baada ya ukaguzi ujao. Kipimo kile kipya kimezuia mabomba mazuri yasikatwe bure, na kimewaonyesha mabaya yako wapi.

Hesabu_za_Umeme amejibu:

Ahsanteni sana wakuu, na dada Mpima_Unene hiyo habari ya orodha imenigusa. Kwenye makadirio ninayopitia kuna sehemu ya vifaa vya kupimia na sehemu ya mafunzo, lakini mtu wa kutunza orodha sijawahi kumwona ametengewa mshahara wake. Nitaanza kuuliza.

Mvunja_Sampuli, nina swali moja la mwisho. Vile vikasha vya sampuli viliwekwa na watu waliokuwa wanafikiria miaka 40. Ukienda 60 au 80, vikasha si vitakwisha? Mtapima nini?

Mvunja_Sampuli amejibu:

Vinakwisha, na kwa baadhi ya vinu vimebaki vichache mno. Umegusa jambo ambalo wenzangu wengi wanalifanyia kazi sasa hivi.

Njia ya kwanza ni kuvuna vinu vilivyofungwa. Kinu cha Zion huko Illinois kilipokuwa kinabomolewa, vipande vya ukuta wa chombo chake vilikatwa vikapelekwa maabara ya Oak Ridge, chuma halisi kilichofanya kazi halisi, wala si kijiti kilichotundikwa pembeni. Kutoka kinu cha José Cabrera cha Hispania, kilichofungwa mwaka 2006, vilichukuliwa vyuma vya ndani vilivyokuwa vinazunguka fueli. Ningetamani kila kinu kinachofungwa kiwe na mpango wa namna hii kabla wabomoaji hawajaingia, maana kipande kikishazikwa na taka hakuna wa kukifukua.

Ya pili ni hii ninayoifanya mwenyewe. Kijiti tulichokivunja miaka iliyopita hatukukitupa. Kila nusu iliyobaki bado ni chuma kizuri kilichopigwa na nyutroni, mbali na pale kilipovunjikia. Kutoka nusu moja tunaweza kukata hadi vibamba 4, kila kimoja mraba wa karibu sentimita 1 kwa unene wa milimita 4. Tunachimba matundu mawili ya kupitisha pini, tunaanzisha ufa mdogo kwa makusudi kwa kukivuta na kukilegeza mara nyingi, kisha tunakivuta polepole huku tunapima ufa unaanza kukimbia kwa nguvu gani. Kile kijiti cha nyundo kilitupa makisio. Kibamba hiki kinapima moja kwa moja ustahimilivu wa chuma chenye ufa ndani yake, na ndilo hasa swali la chombo cha miaka 80.

Ugumu uko kwenye kukata. Kila kitu kinafanyika nyuma ya kioo, kwa mikono ya mashine, na kipande kikipotea huna kingine. Wiki hii nina nusu kadhaa mezani, na mshono wenye shaba nyingi nimeuweka mwisho, mpaka mashine ya kukatia ihakikiwe upya.